Watu Ishirini na Watatu wa Karatasi

Jumamosi, 7 Machi

Binti yangu kanipa daftari hili leo mchana. Amesema niandike ndani yake maisha ya mtu wangu wa mchezo. Nimemwambia mimi niliishia darasa la nne, tena mlangoni, na mkono wangu ni wa pasi si wa kalamu. Akasema andika tu mama, hakuna anayesahihisha. Basi naandika. Lakini mtu wangu bado hajawa mtu, kwa hiyo nitaandika ya kwangu mpaka awe tayari.

Mchezo wenyewe uko hivi. Kila Jumamosi saa nane wanakuja hapa nyumbani, wanakaa kwenye meza yangu ya chakula, wanajifanya watu wengine. Hakuna kuvaa nguo za ajabu wala kuruka. Unasema tu, mtu wangu anafungua mlango, halafu unarusha dadu kuona kama mlango umekubali. Binti yangu ndiye msimulizi, yeye ndiye anayejua yaliyo nyuma ya mlango. Mwaka jana walikuwa na mazimwi na mapanga, mimi nikiwa jikoni nawasikia watu wazima wanagombania hazina isiyokuwepo. Mwaka huu kawaambia mazimwi basi. Mchezo mpya ni wa watu wa siku hizi, mji wa siku hizi, wenye simu na foleni. Na kwa kuwa mwenzao mmoja amehama, wamenivuta mimi nikalie kiti chake. Kazini tunapumzika kwa zamu, na Jumamosi ndiyo yangu.

Tuko wanne. Binti yangu. Rafiki yake wa tangu shule, ambaye ni nesi, na sote tunamwita Nesi. Na Kinyozi wa hapo chini, anayeniita mama mkwe mbele ya binti yangu wakati hajapewa hata ahadi.

Kumbe kuumba mtu ni kazi. Unarusha dadu tatu kwa kila kitu: nguvu, akili, macho, ulimi, bahati. Macho nilipata kumi na saba, wote wakapiga meza. Bahati nikapata nne.

"Mama mkwe," Kinyozi akasema, "mtu wako ataliona gari tangu likiwa mbali kabisa, na litamgonga hivyo hivyo."

Tukacheka. Mvua ya kwanza ya msimu imeanza sisi tukicheka.

Jumapili, 8 Machi

Mvua. Nimefua, hakijakauka kitu.

Jumatano, 11 Machi

Kazini kwetu ni dobi kubwa, jengo la ghorofa tatu. Chini ni mapokezi na tangi la mvuke, katikati ni mashine za kufulia, juu ni sisi wa pasi na kukunja. Mashuka ya hoteli, mashuka ya hospitali, taulo mpaka unaota taulo. Mashine za katikati zikikamua unasikia kwenye meno.

Tangu Januari kiwanja cha jirani kimechimbwa shimo refu, wanasema magari yatalala huko chini. Kwa ajili ya shimo hilo ofisi ya kina binti yangu iliitwa ije kupima jengo letu kila baada ya wiki mbili, kuona kama limesogea. Anakuja na darubini yake ya miguu mitatu na kofia ngumu. Siku ya kwanza niliwaambia wote pale juu, huyo ni wangu. Msimamizi mwenyewe alinipa mkono. Mtoto wa mpiga pasi ndiye anayeliambia jengo kama limesimama sawa.

Mwenzangu wa kukunja tunamwita Bi Harusi kwa sababu amechumbiwa miaka tisa. Shuka kubwa halikunjwi na mtu mmoja. Yeye anashika ncha zake, mimi zangu, tunavuta, tunaendeana, ncha zinakutana, tunarudi nyuma. Miaka kumi na moja tunafuatana na kuachana hivyo siku nzima.

Leo nimemwomba ruhusa. Mimi sijui kutunga mtu. Mtu ambaye hayupo nitajuaje anaogopa nini? Basi nikamwambia mwenzangu, nataka kukutia kwenye karatasi ya mchezo wa binti yangu.

"Nitie," akasema. "Lakini niwe mrefu. Na huyo mwanaume awe amekwisha kunioa au amekwisha kufa, achague moja."

Jumamosi, 14 Machi

Leo ilikuwa siku ya maswali. Kila mtu wa karatasi lazima ajibu: anaficha nini, anaogopa nini, akikimbia anakimbilia wapi, na moja la ajabu, mvua ikinyesha saa kumi jioni siku ya kazi yuko wapi. Nesi mtu wake ni mwimbaji aliyepoteza sauti. Kinyozi mtu wake ni tajiri, hana aibu hata kidogo. Mimi nikasema wangu ni mpiga pasi.

"Mama, si lazima awe mpiga pasi," binti yangu akasema. "Unaweza kumfanya yeyote. Mfanye rubani."

"Rubani simjui."

"Basi awe mkutubi. Akae sehemu tulivu, vitabu tu."

"Huyu wangu anapiga pasi, mwanangu. Ana macho kumi na saba, anaona makunyanzi."

Akaguna. Akarudia tena baadaye, na mara ya tatu, mpaka Nesi akamwambia amwache mama na pasi yake. Halafu likaja swali la wenye macho: mtu wako anaona nini kazini ambacho wengine hawakioni? Nikafikiri. Nikasema, maji ya deki.

"Maji ya deki yamefanyaje?"

"Yamebadili njia. Zamani ukimwaga maji kule juu yalikuwa yanakwenda yenyewe kwenye tundu la upande wa ngazi. Siku hizi yanakwenda upande wa dirisha, upande wa shimo la jirani. Inabidi uyafukuze na ufagio."

Kinyozi akacheka. "Macho kumi na saba yote yameishia kwenye ndoo."

Binti yangu hakucheka. Kalamu ilikuwa juu ya karatasi, haiandiki. Akauliza tangu lini. Nikamuuliza, mtu wangu au mimi? Akasema, "Wewe, mama." Nikasema labda tangu Februari katikati.

Akafunga makaratasi, akasema kichwa kinamgonga, tuendelee wiki ijayo. Ilikuwa saa tisa na dakika chache tu. Kinyozi alikuwa hata hajamaliza kuhesabu magari yake.

Jumatatu, 16 Machi

Mvua. Akinywa chai kaniuliza tena habari ya yale maji, yanakwenda haraka au polepole. Nimemwambia ni maji ya deki, si farasi.

Alhamisi, 19 Machi

Leo alikuja kupima. Alikuja na bosi wake, mwanaume wa mwavuli mkubwa. Nilikuwa dirishani juu, namwona chini uani. Ana alama zake alizopaka kwenye nguzo, anasimamisha ule ubao mrefu wenye namba, anaenda kuchungulia kwenye darubini. Nguzo ya upande wa shimo aliichungulia mara tatu. Akafuta lenzi kwa shati, akachungulia tena. Kisha akamwita bosi wake. Bosi hakuchungulia. Alisema kitu akionyesha mvua, akaonyesha darubini, akamgonga begani kidogo kama unavyomgonga mtoto aliyeota ndoto mbaya. Binti yangu akainamisha kichwa akaandika.

Nilimngoja apande anisalimie kama anavyofanya siku zote. Hakupanda.

"Mwanao leo katupita kama hatujui," Bi Harusi akasema.

"Ana haraka."

"Haraka ya kwenda wapi? Kakaa kwenye gari nusu saa, tunamwona."

Ni kweli. Alikuwa amekaa kwenye gari, mikono magotini.

Ijumaa, 20 Machi

Binti yangu kala nusu sahani.

Jumamosi, 21 Machi

Wametaka mchezo uanze. Binti yangu kasema bado, watu hawajawa tayari, mtu asiyekamilika akiingia kwenye hadithi anakufa bure. Ametuambia hadithi itakuwaje: kuna jengo, watu wetu wote watajikuta ndani yake kwa sababu mbalimbali, na mmoja wa watu wa pale anajua kwamba jengo ni bovu. Huyo hachezwi na yeyote kati yetu. Ni wa msimulizi.

"Kwa nini asiseme?" Nesi akauliza.

"Hiyo ndiyo tutaicheza."

"Hapana, lazima awe na sababu, wewe mwenyewe ndiye unayetusumbua na sababu. Anaogopa nini?"

"Ameandika kwamba ni zima. Jina lake liko pale chini."

"Basi ni mwovu," Kinyozi akasema, "mimi tajiri wangu anamnunua kabla hajafungua mdomo."

"Si mwovu," binti yangu akasema. "Hana uhakika. Aliyemzidi cheo alimwambia ni kifaa kimelowa."

Mimi nilikuwa nakunja vitambaa vya meza, mikono yangu haijui kukaa. Nikauliza, huyo mtu hana mama? Nilikuwa nauliza tu, kama wao wanavyoulizana. Binti yangu akasema, "Sijamwandikia mama bado."

Nilipomaliza vitambaa nikavikunjua, nikavikunja upya.

Jumanne, 24 Machi

Wamepandisha tangi la pili la maji juu ya paa, eti hoteli zimeongezeka. Mlango wa choo cha juu haufungi tena. Msimamizi kasema mbao imekunywa unyevu. Mlango wenyewe ni wa chuma.

Alhamisi, 26 Machi

Bi Harusi amewaambia wote. Kila mmoja anataka kutiwa kwenye karatasi. Wanakuja mezani kwangu mmoja mmoja kama kwa daktari. Mimi nawauliza yale maswali ya binti yangu, naandika nyuma ya karatasi za hesabu ya taulo. Siku nyingi sijacheka kazini kama leo. Mama Pacha anaogopa mende, yeye anayebeba kikapu cha mashuka mabichi kwa mkono mmoja. Yule mkimya wa mashine ya tatu amesema siri yake ni kwamba anajua kuogelea vizuri kuliko wanaume wote wa kwao, na hakuna aliyewahi kumuuliza.

Jumamosi, 28 Machi



Walipokaa nikatoa karatasi zangu kwa majivuno. Nikasema ninyi mmeleta mtu mmoja mmoja, mimi nimeleta ishirini na watatu. Kinyozi akasema mama mkwe hiyo ni timu mbili na refa. Nesi akaomba niwasome. Nikasoma. Bi Harusi, mrefu, anaogopa kufa bila pete. Mama Pacha, nguvu kumi na sita, nilimrushia dadu mwenyewe. Na kila mmoja nilikuwa nimemuuliza lile swali la mvua, saa kumi jioni uko wapi. Bi Harusi: juu, dirishani. Mama Pacha: katikati, kwenye mashine ya kwanza. Mkimya: katikati. Mwenye mimba: juu, amekaa. Juu. Juu. Katikati. Juu.

Nilikuwa nimefika wa tisa binti yangu akasema, "Mama, acha."

"Bado kumi na wanne."

"Acha mama, nakuomba."

Akainuka, akaenda kusimama karibu na jiko, uso ukutani. Nesi akamfuata. Nikawasikia wananong'onezana, kisha Nesi akarudi akamshika Kinyozi mkono, wakaondoka. Kinyozi alikuwa bado ana dadu mkononi, akaniwekea mezani taratibu kama yai.

Tukabaki wawili. Ilikuwa saa tisa na nusu mchana na giza kwa ajili ya mvua.

"Nguzo ya upande wa shimo imeshuka," akasema. "Januari haikuwa imeshuka. Sasa imeshuka vidole viwili."

"Vidole viwili ni kitu gani kwa jengo zima?"

"Ni kingi mno, mama. Na imeshuka peke yake, nyingine zimebaki pale pale."

"Na umeandika nini?"

"Bosi alisema ni kifaa. Alinipa namba za kuandika. Nikaandika, nikatia saini. Mara tatu. Nilisema labda kweli ni kifaa. Mimi nina mwaka mmoja kazini, yeye ana ishirini. Halafu ukaja wewe na maji ya deki."

Nikamwambia, na mimi nimo mle ndani.

"Ndiyo maana nilikuambia uwe rubani."

Sikumpiga. Nilitaka. Nilimtazama mikono yake, nimeikata kucha mikono ile. Akasema alitaka watu wa kutunga kwanza. Alitaka mtu anayejua asimame mbele ya watu wasiokuwepo, aseme, dadu zirushwe, aone inakuwaje, ndipo aseme kwa wale waliopo. Lakini kila akitaka watu wa kutunga mimi namletea wa kweli.

Akasema kesho kutwa anakwenda kuwaambia wakubwa wa mji. Nikamuuliza watamfanya nini. Akasema saini ya uongo ni jela au ni kufutwa, hajui.

Nikamwambia ngoja kidogo.

Nimeandika hapa ili nisije nikasema baadaye kwamba ni yeye. Mimi ndiye niliyesema ngoja.

Jumapili, 29 Machi

Mvua kutwa. Amenisihi nisiende kazini kesho. Nimemwambia nikikaa nyumbani peke yangu wenzangu wakiwa kule, hiyo nitaiitaje?

Jumatatu, 30 Machi

Nimekunja mashuka. Sijasema.

Jumanne, 31 Machi

Nimekunja. Kila Bi Harusi akinijia na ncha zake mkononi nasema moyoni sasa, na kila anaporudi nyuma nasema lijalo. Kaniuliza kama mtu wake amekwisha kuanza kucheza. Nikasema bado.

Jumatano, 1 Aprili

Sijasema.

Alhamisi, 2 Aprili

Saa tano asubuhi kioo cha dirisha letu kimepasuka chenyewe. Hakuna aliyekigusa, hakuna upepo. Mstari mmoja kutoka kona mpaka kona. Wanawake wakatazama, mmoja akasema ni mvuke, wakarudi kazini. Mimi na Bi Harusi tulikuwa tumeshika shuka la hospitali. Alinijia na ncha, mikono yetu ikakutana, na safari hii sikumwachia. Nikamwambia yote pale pale, tumeshikana, shuka katikati yetu.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza, "Umejua lini?"

"Jumamosi."

"Jumatatu, Jumanne, Jumatano," akahesabu. "Siku tatu unanitazama usoni."

"Ni mwanangu."

"Na mimi ni nani?"

Akaachia shuka likaanguka sakafuni, kitu ambacho hatujawahi kufanya, akaenda meza hadi meza. Robo saa haikupita tulikuwa wote barabarani, wote ishirini na watatu na mimi, mvua inatupiga, mwenye mimba kafunikwa na vitambaa vya meza za hoteli.

Msimamizi akaja na bahasha. Hakupiga kelele, angepiga kelele ingekuwa afadhali. Akatoa karatasi akaisoma mbele yetu: jengo limepimwa, halijasogea, ni salama kwa matumizi. Akaigeuza watu waone saini. Akaniuliza, "Mama, hii saini ya nani?"

Wote walijua ni ya nani. Mimi ndiye niliyewaambia huyo ni wangu.

"Kwa hiyo mwanao alidanganya juzi au anadanganya leo?" msimamizi akasema.

Mmoja akacheka, mwingine akafuata. Tisa wakarudi ndani pale pale. Sisi tuliobaki tukaambiwa tusirudi tena. Bi Harusi alisimama kati ya makundi mawili, amelowa, ananitazama. Kisha akasema, ana mama kitandani, hawezi kukaa nje kwa neno la mtu aliyemficha siku tatu. Akaingia.

Jumamosi, 4 Aprili

Jana binti yangu alikwenda kwa wakubwa wa mji, akamkuta karani mmoja tu dirishani. Akamwambia alete barua. Leo hakuna mchezo. Kaandika barua mezani kutwa nzima, anaichana, anaiandika.

Jumanne, 7 Aprili

Ameipeleka barua. Wamemwambia mkaguzi ataenda mvua zikipungua. Wamemtaka pia afike mwenyewe Jumatatu ijayo na karatasi zake, ajieleze. Bosi wake amemfukuza kazi kwa simu.

Jumatano, 8 Aprili

Nimepita mbele ya dobi. Wamekwisha kuajiri wapya. Wasichana, hawajui hata kukaza ncha. Nikamwambia mmoja getini, mwanangu humu si salama. Akaniangalia viatu, akasema, "Bibi, wametuambia utakuja."

Alhamisi, 9 Aprili

Mvua siku ya nne haijakata. Niliamka alfajiri nikawa nasikiliza upande wa kule dobi. Ndipo nikajikuta nangojea jengo lianguke. Nangojea ili mwanangu aonekane mkweli. Nikawaona wale wasichana, nikamwona Bi Harusi, na bado kwa dakika nzima nilitaka. Nimekaa kitandani nimeshika mdomo. Sijawahi kujiogopa kabla ya leo.

Jumamosi, 11 Aprili

Saa nane walikuja, Nesi na Kinyozi, wakakaa mahali pao. Hakuna aliyefungua karatasi. Kinyozi hakuniita mama mkwe, aliniita mama tu, na hilo ndilo lililonikalia vibaya kuliko yote. Mvua ilikuwa inapiga bati mpaka husikii mtu. Nikaona saa ya ukutani inakwenda kwenye tisa, nikajua saa kumi wote watakuwa wapi, nimeandika mwenyewe.

Nikavaa koti. Binti yangu akasema anakuja. Tukaenda wote wanne. Getini nikamwambia, "Wewe usiingie. Wewe unatakiwa Jumatatu."

"Mama, unakwenda kufanya nini?"

"Kuchukua viatu vyangu."

Mlinzi ananijua. Nikamwambia hivyo hivyo, viatu, akanipisha. Sikupanda juu. Kila mtu aliyekaa pale muda mrefu anajua swichi kuu iko wapi, ile ya mkono wa chuma, nyuma ya ngazi. Nikaishika kwa kitambaa na kuivuta chini kwa uzito wangu wote.

Taa zikazima. Mashine zikaendelea kuzunguka kidogo kwa mazoea, zikachoka, zikasimama moja baada ya moja. Tangi la mvuke likashusha pumzi. Miaka kumi na moja sijawahi kulisikia jengo lile likiwa kimya mchana. Nikasikia juu watu wanasema aah, kama wanavyosema majumbani umeme ukikatika.

Halafu nao wakanyamaza, kwa sababu wamesikia.

Ilikuwa inatoka kwenye ukuta wa upande wa shimo. Kama mtu anayesaga meno usingizini. Inapanda pole pole, inapumzika, inaanza tena chini. Ilikuwepo siku zote, ila sisi tulikuwa na mashine.

Hakuna aliyepiga kelele. Nikasikia nyayo kwenye ngazi, nyingi, za watu wanaojizuia kukimbia. Wakaanza kunipita pale gizani, wapya na wa zamani, hawanitazami. Mkimya alikuwa amemshika mkono yule msichana aliyeniita bibi. Msimamizi aliwapita wote ngazini, hakuuliza nani kazima.

Bi Harusi alikuja wa mwisho, na shuka bado mkononi. Akasimama mbele yangu.

"Ulikuwa unaisikia hii?"

"Hapana," nikasema. "Mimi niliona maji tu."

Tukatoka. Alishika ncha moja ya shuka lile akanifunika kichwa, nyingine akajifunika yeye, hakusema amenisamehe.

Jumapili, 12 Aprili

Wenye dobi wamesema kesho fundi wa umeme atakuja kurudisha umeme na kazi inaendelea kama kawaida. Bi Harusi amepita nyumba kwa nyumba, ya kila mmoja wao, na wale wapya pia. Hakuna atakayeingia. Mlinzi naye kabaki kwake. Fundi wa umeme hunyolewa na Kinyozi, naye amekwenda kumwambia.

Jumatatu, 13 Aprili

Saa tatu na robo asubuhi upande wa shimo umekaa chini. Bi Harusi kaja mbio kunieleza, nywele zimejaa vumbi licha ya mvua. Ghorofa ya juu yote imo shimoni, na matangi mawili juu yake. Hapakuwa na mtu. Tumehesabu mara tatu, tumepiga simu kwa kila mmoja, kila mmoja amepokea.

Binti yangu hajapokea. Kule ndani kwa wakubwa wanazimisha simu. Alikwenda na karatasi zake tatu kwenye bahasha, na hakutaka nimsindikize. Jengo lilikuwa limesimama alipopita mbele yake.

Watu wataanza kusema leo hii kwamba alikwenda kujieleza kwa sababu limeanguka. Nawajua watu. Basi nataka iandikwe hapa, na mwandiko wangu huu mbaya, kwamba alitoka nyumbani saa mbili.